Gari ya spoti ya mkononi yenye stelingi ya nyuma: utajuaje ni nzima kabla hujatoa hela?

Swali lililonifikia, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo fundi. Nimepata Porsche 911 Turbo ya 2014, imepita mikono miwili, bodi safi, kilomita sio nyingi. Ina ile stelingi ya nyuma, yaani tairi za nyuma nazo zinakata kidogo. Nimeiendesha kama robo saa nikaiona iko fresh tu, kwenye dashibodi hamna taa inayowaka, na muuzaji anasema hicho kifaa huwa hakisumbui. Sasa niangalie nini nijue kweli ni kizima, maana nasikia kikifa spea yake inauma."

Marahaba mdogo wangu. Umefanya vizuri kuuliza kabla na sio baada, wengi wananitafuta gari ishalala kwao.

Nianze na hiyo robo saa yako, maana ndo imekupa moyo na haikupaswa. Kwa kifaa hiki, kuendesha ndo kipimo dhaifu kuliko vyote. Injini ikiumwa utasikia, gia ikiumwa itakupiga teke, ila stelingi ya nyuma ikifa mara nyingi inakufa imenyooka na gari inageuka kuwa gari ya kawaida tu, inakata kona, inakimbia, na kama hujawahi kuendesha nzima ya aina hiyo hiyo huna cha kulinganisha nacho. Na taa kutowaka nako tutakuja kuiongelea, kuna sababu kama nne za taa kutowaka na moja tu ndo nzuri.

Kwanza uelewe kilichopo kule nyuma, maana ukielewa utajua pa kutia macho. Tairi ya nyuma imeshikwa na mikono kadhaa, na mmoja kati ya hiyo ndo unaoamua tairi iangalie wapi, mbele kabisa au kidogo ndani au kidogo nje. Kwenye gari ya kawaida mkono huo ni chuma kifupi, ukishafungwa umefungwa, fundi wa alaimenti anaurekebisha kwa bolti basi. Kwenye 911 ya kizazi cha 991, kuanzia GT3 na Turbo zilizotoka 2013, Porsche walikitoa hicho chuma wakaweka mota ya umeme, moja kila upande, na mota inazungusha skrubu inayorefusha au kufupisha huo mkono. Chini ya kilomita 50 kwa saa tairi za nyuma zinageuka kinyume na za mbele, gari inakata kona fupi kama vile imefupishwa. Juu ya 80 zinageuka upande uleule na za mbele, gari inatulia. Na yote hayo ni digrii chache tu kwenda juu kabisa, kidogo mno, ndo maana watu hawaoni chochote wakitazama kawaida.

Turbo ya kizazi hicho imekuja nacho kiwandani kama kitu cha kawaida, kwa hiyo kwako hamna swali la kipo au hakipo. Anayetafuta Carrera S ya kuanzia 2016 huko lazma aombe orodha ya vitu gari ilivyotoka navyo kiwandani, kwa kutumia chesisi namba, sababu pale kilikuwa cha kuongeza kwa hela na kuna wauzaji wanakitaja kwenye tangazo wakati gari haina hata waya wake.

Sasa kipimo cha macho, hiki nakipenda sana na hakihitaji mashine. Chukua hata digrii 1.5 tu, inaonekana ni ndogo ila ukiipeleka kwenye tairi yenye kipenyo cha karibu sentimita 69, kama hiyo 305/30 ya inchi 20 inayokaa nyuma kwenye Turbo, ukingo wa mbele wa tairi unahama kama milimita 9 na ukingo wa nyuma unahama 9 nyingine upande wa pili. Milimita 9 inaonekana kabisa, ni karibu upana wa kidole chako kidogo. Kwa hiyo tafuta sehemu ya wazi iliyo tambarare, mwambie muuzaji aendeshe polepole, spidi ya mtu anayekimbia mchakamchaka, azunguke duara usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho, halafu we simama nje kwa umbali salama upige video ya tairi ya nyuma ukiwa umevuta karibu. Apite amenyoosha, apite amekata kushoto, apite amekata kulia. Baadae kaa chini usimamishe video kwenye kila pozi na uangalie pengo kati ya tairi na ukingo wa fenda, mbele na nyuma ya tairi. Ikiwa nzima pengo linabadilika kati ya kushoto na kulia, na linabadilika pande zote mbili za gari. Likibadilika upande mmoja tu, mota ya upande wa pili ina lake. Lisipobadilika kabisa ndo ushajua.

Usijaribu kufanya hivi gari imesimama ukaja kuniambia tairi hazijageuka. Mifumo mingine haigeuzi kitu gari ikiwa haitembei, mingine inageuza, na mingine inageuza injini ikiwa inanguruma tu. Itembee.

Ukiwa hapo hapo kwenye uwanja, chukua chaki. Fanya duara kamili kushoto, weka alama ya mahali tairi ya mbele ya nje ilipopita, upime kipenyo, halafu kulia hivyo hivyo. Vinatakiwa vikaribiane. Kwa hesabu yangu kwenye gari yenye urefu wa mita 2.45 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, kama hiyo yako, tairi za nyuma zikiganda zote zimegeuka, tuseme, digrii 1.5 upande mmoja, duara la kushoto na la kulia zitapishana kama sentimita 80. Zikiganda nusu ya hapo utaona kama 40. Sasa 40 usiipuuze, ila pia usiitangazie msiba, maana alaimenti mbovu ya mbele nayo inaleta tofauti. Ni dalili tu, iandike pembeni.

Kugandia pembeni ndo ugonjwa unaoniogopesha mimi kuliko kufa kukiwa katikati. Kwenye mifumo mingi ya siku hizi ile skrubu imetengenezwa makusudi isisukumwe na tairi, yaani umeme ukikatika inabaki pale pale ilipokuwa. Ni usalama, maana hutaki tairi ya nyuma ianze kujiamulia mambo kwenye spidi 160. Ila maana yake ni kwamba hitilafu ikitokea katikati ya kona inaweza kubaki imegeuka, na gari itaanza kutembea kama kaa. Kuitambua ni rahisi kuliko unavyodhani. Endesha barabara tambarare iliyonyooka halafu angalia usukani umekaaje. Tairi za nyuma zikiwa zimegeuka digrii 1, za mbele nazo lazma zigeuke digrii 1 upande huo huo ili gari iende mbele, na kwa sababu usukani unazunguka kama mara 15 ya tairi, utakuta umelala digrii 15 hivi, sawa na mkono wa saa wa dakika ukitoka kwenye 12 kwenda dakika mbili na nusu. Hapo muuzaji anasema "alaimenti tu imekaa vibaya". Anaweza akawa mkweli. Anaweza pia akawa ndo kaambiwa hivyo na aliyemuuzia.

Kuna mchezo wa maji naufanya na huwa unaniletea majibu kwa dakika mbili. Mwaga maji barabarani au tafuta dimbwi dogo, pitisha gari imenyooka taratibu, endelea mbele kwenye lami kavu kama mita kumi, shuka, rudi uangalie nyayo. Tairi za nyuma za 911 ni pana kuliko za mbele na ekseli ya nyuma ni pana pia, kwa hiyo alama ya nyuma itazidi ya mbele kwa nje. Hiyo kawaida. We pima imezidi kiasi gani kushoto, na kiasi gani kulia. Ziwe sawa sawa. Ikigandia digrii 1, sehemu ya nyuma ya gari inahama pembeni kama sentimita 4, maana yake upande mmoja alama ya nyuma itatoka nje sana na upande wa pili itakaribia kufichwa na ya mbele. Niliwahi kuifanya kwenye gari ya jamaa mmoja aliyekuwa ameshabadilisha tairi za nyuma seti mbili kwa muda mfupi na kila fundi anamwambia ni ubora wa tairi, tukamwaga ndoo moja tu ya maji na yeye mwenyewe akacheka kwa uchungu.

Haya, taa. Ukiwasha swichi bila kuwasha injini, taa za tahadhari zote zinatakiwa ziwake kwanza halafu zizime zenyewe, na kwenye gari za kisasa hitilafu inakuja kama maandishi kwenye skrini. Kwa hiyo cha kuangalia sio kama taa imezima, ni kama iliwaka ikazima. Kwenye gari za zamani nimekuta balbu imetolewa, nimekuta imezibwa kwa tepu nyeusi nyuma ya dashibodi, imepigwa vizuri kabisa kama kazi ya kiwandani. Na fika kwa muuzaji gari ikiwa baridi. Mwambie kabla, usiiwashe mpaka nije, gusa boneti ya nyuma ukifika, ikiwa ya moto basi kuna mtu ameshaizungusha, na hitilafu nyingi za umeme zinajitokeza kwenye kuwasha kwa kwanza asubuhi wakati betri imechoka.

Betri ninaitaja maana inachanganya sana watu. Hizi gari zinakaa tu gereji wiki nzima hazitembei, betri inashuka, na volti ikishuka mota za nyuma ni kati ya vitu vya kwanza kulalamika maana zinakula umeme mwingi kwa mpigo. Kwa hiyo ukikuta ujumbe wa hitilafu ya stelingi ya nyuma usikimbie hapo hapo. Ila pia usikubali ile sentensi ya "ah hiyo ni betri tu kaka". Kama ni betri tu, aweke betri nzima, hitilafu ifutwe, gari itembee siku moja au mbili, isomwe tena. Ni kazi ndogo. Asipotaka kuifanya yeye mwenye gari, kwanini uifanye wewe baada ya kununua?

Sasa skana, hapa ndo kazi ilipo na hapa wengi wanapoteza. Kile kiskana kidogo cha bei rahisi cha kuunganisha na simu kinasoma injini, mara nyingi hakiingii kabisa kwenye kompyuta ya stelingi ya nyuma. Kitakuambia hamna hitilafu, na hakijadanganya, hakijaulizwa tu. Unahitaji mashine inayoingia kwenye kompyuta zote za gari hiyo, ya kampuni yenyewe au ya mtaalamu wa Porsche. Omba isome kompyuta ya stelingi ya nyuma, ya stelingi ya mbele, ya ABS (breki zisizogandisha tairi) na ya mfumo wa kuzuia gari kuteleza, zote, maana hizi zinaongea. Stelingi ya nyuma inategemea kujua spidi kutoka kwenye sensa za tairi na kujua usukani umekatwa kiasi gani, kwa hiyo sensa ya tairi moja ikiwa mbovu unaweza kukuta mfumo wa nyuma umejizima wakati mota zake ni nzima kabisa. Hiyo ni habari njema, sensa ya tairi sio kitu.

Kodi, yaani zile namba za hitilafu zinazotokea kwenye skana, ukiziona usisome tu jina. Uliza kila moja ni ya sasa au ya zamani, ilitokea mara ngapi, na gari ilikuwa na kilomita ngapi, mashine nzuri inaonyesha. Kodi ya volti ndogo iliyotokea mara moja kilomita elfu kumi zilizopita, achana nayo. Kodi ya sensa ya mkao wa mota, au inayosema mota haifiki ilipoambiwa ifike, na inajirudia upande mmoja, hiyo ni mota inakwenda au tayari imekwenda. Halafu kuna namba za moja kwa moja: omba aonyeshe kwenye skrini mkao unaotakiwa na mkao halisi wa kila upande, gari ikiwa juu ya lifti aiamuru mota igeuke kulia na kushoto. Namba mbili zifuatane. Na we uwe chini unaangalia na kusikiliza. Mota nzima inatoa mlio mmoja laini kama drili ndogo iliyofunikwa kitambaa. Inayosaga, inayosita katikati kisha ikaruka, au inayochelewa kuliko mwenzake, hiyo siilipii hela nzima.

Kitu kimoja ambacho wauzaji wengi hawakijui na kitakusaidia. Hitilafu zikifutwa, kompyuta ya injini nayo mara nyingi inafutwa vipimo vyake vya ndani, vile vya kuangalia moshi, katalisti na kadhalika, na vinahitaji gari itembee umbali na hali tofauti ndo vikamilike tena. Hata kile kiskana cha simu kinaonyesha. Ukikuta karibu vyote vinasema havijakamilika, basi ama betri ilikatwa au kuna mtu amefuta kumbukumbu juzi juzi. Kuna anayefuta kwa nia njema baada ya matengenezo, ila huyo atakuwa na risiti ya hayo matengenezo.

Gari ikiwa bado juu, chukua tochi. Anza na rimu za nyuma, mikwaruzo yake, hasa upande wa ndani ambako hakuna anayepaka rangi. Tairi ya nyuma ikigonga ukingo wa barabara kwa ubavu, ule mshtuko unaenda moja kwa moja kwenye huo mkono wenye mota, na chuma kingepinda tu kikabadilishwa kwa bei ndogo, mota inaumia ndani kwenye skrubu na huwezi kuiona. Kwa hiyo rimu iliyogongwa ni swali kwa mota ya upande huo. Fuata na macho: buti ya mpira inayofunika ile sehemu inayoingia na kutoka, ichunguze kila kunjo, ivute kidogo kwa kidole uone kama imechanika, maana maji na mchanga vikiingia humo skrubu inaliwa kimya kimya. Soketi za waya ziko karibu na tairi, zinapigwa maji kila siku, chomoa kama fundi anaruhusu, uone kama kuna kutu ya kijani kwenye pini. Waya usiwe umekazwa kwa tepu ya umeme. Bolti angalia vichwa vyake, zikiwa na alama mpya za spana upande mmoja na upande wa pili zina vumbi la miaka, basi mota moja ishafunguliwa. Sio kosa, ila muulize ilikuwaje, uone sura yake. Mota ikibadilishwa haiwekwi tu ikaachwa, lazma kompyuta iijue na ifundishwe katikati yake iko wapi, kisha alaimenti ifanywe, na hayo yote yanaacha karatasi.

Baada ya hapo shika tairi ya nyuma kwa mikono miwili, mmoja saa tatu mmoja saa tisa, usukume na kuvuta kwa nguvu. Kisha saa kumi na mbili na saa sita. Ikicheza ya tatu na tisa peke yake, shida iko kwenye huo mkono au boljointi yake, yaani kiungo chake cha mwisho. Ikicheza zote mbili, beringi. Ukihisi "tuk" ndogo, mtu mwingine aweke kidole kwenye kiungo wakati we unatikisa, kidole kinasikia kuliko sikio. Kisha pitisha kiganja juu ya uso wa tairi, kutoka nje kwenda ndani halafu ndani kwenda nje. Tairi ikiwa inaburuzwa pembeni meno yake yanakuwa kama msumeno, laini ukienda upande mmoja na makali ukirudi. Tairi za nyuma za gari hizi zinaisha ndani kwanza, hilo lisikushtue, ila kushoto na kulia ziishe kwa kufanana. Na soma tarehe za tairi. Gari yenye kilomita chache iliyowekewa tairi mpya za nyuma wiki ya kuuzwa, mi huwa naomba zile za zamani nizione. Mara nyingi bado zipo nyuma ya gereji.

Alaimenti ya tairi nne omba ifanyike mbele yako na karatasi yake uondoke nayo. Ila hapa kuwa mkali: mashine ya alaimenti pekee haitoshi, lazma kwanza stelingi ya nyuma iwekwe katikati kwa skana ndo vipimo vichukuliwe. Fundi asiyejua anapima tairi zikiwa pembeni kidogo, anarekebisha mbele zifuate nyuma, usukani unakaa sawa, kila mtu anafurahi, na gari inaondoka ikiwa imepinda kwa kufuata kosa. Fundi akikuambia hahitaji skana kwa gari hii, mshukuru uondoke.

Barabarani, ukishafanya yote hayo, sasa endesha na safari hii utajua unatafuta nini. Kwenye maegesho inatakiwa uhisi kama mkia unazunguka na kukusaidia, gari inaingia mahali ambapo ulidhani itabidi urudi nyuma. Kwenye barabara kubwa, kwa spidi halali, badilisha leni taratibu kushoto kulia: nzima inahama yote kwa pamoja kama droo inavyotelezeshwa, haiinamishi kwanza pua halafu mkia ufuate. Ukihisi mkia unafikiria, yaani usukani umeshatulia na nyuma bado inaendelea kusogea kidogo, ndo boljointi imelegea au mota inachelewa. Funga breki kwa nguvu mahali salama, shikilia usukani kwa wepesi. Ikivuta upande mmoja usisingizie breki kwanza. Na ukiweza kupata nyingine ya aina hiyo uendeshe hata dakika kumi, hata kama huna nia ya kuinunua, hiyo ndo itakufundisha kuliko maneno yangu.

Niongeze kwa wanaotafuta gari za zamani maana najua watasoma hapa nao. Kule ugonjwa ni mwingine. Nissan walianza na HICAS, ndo jina lao la stelingi ya nyuma, kwenye Skyline ya 1985, ikaja Super HICAS kwenye GT-R ya R32 ya 1989, hiyo inatumia mafuta ya hidroliki, kisha R33 na R34 zikaenda umeme. 300ZX nayo ilianza na mafuta baadae ikawa umeme. Mitsubishi GTO yenye stelingi nne ina pampu yake kule nyuma inayozungushwa na difu. Kwa hizo kitu cha kwanza ni uvujaji, paipu za chuma zilizooza chini, na boljointi za nyuma zilizochoka mpaka gari inaogelea kwenye barabara kubwa, na ukitoa jasho kutafuta spea usinilaumu. Zile za HICAS zina njia yao ya kujipima, unazungusha usukani na kukanyaga breki mara kadhaa kwa mpangilio baada ya kuwasha injini, taa inaanza kupepesa kodi na tairi za nyuma zinatikisika zenyewe, kila modeli na mpangilio wake kwenye kitabu. Honda Prelude ya 1987 ni shafti tupu kutoka mbele mpaka nyuma, hamna kompyuta, tikisa tu uone mchezo kwenye viungo.

Na utakuta nyingi za hizo, hasa Skyline, HICAS imetolewa ikawekwa chuma cha kufunga tairi za nyuma moja kwa moja. Mimi binafsi sina tatizo nalo, kazi ikifanywa vizuri kwenye gari ya umri huo inatulia na unaondokana na uvujaji, ila muuzaji aseme, sio uikute mwenyewe, na uangalie usukani usiwe umebadilika uzito maana kompyuta ya HICAS inahusika na wepesi wa stelingi pia. Lakini kwenye 991 yako mtu akikuambia "tumeizima tu, haina kazi", hapana. Gari hiyo shoki zake, breki zake za kuzuia kuteleza na namna inavyogawa nguvu vimepangwa vikijua nyuma inageuka. Hiyo haizimwi kama redio.

Kuhusu bei ya kuomba: ukikuta mota moja ina shida, usipige hesabu ya mota moja. Piga ya mota, kazi, kufundisha kompyuta, alaimenti, na pengine tairi mbili, kisha uliza kwanza spea inapatikana baada ya muda gani, maana gari iliyokaa juu ya mawe miezi miwili nayo ni gharama. Akishusha kiasi hicho na mengine yote yako safi, nunua, stelingi ya nyuma inatengenezeka. Ila dalili za kugongwa nyuma zikikutana na mota ya upande ule ule iliyobadilishwa bila karatasi, hapo mi naiacha hata akinishushia nusu, sababu sijui tena ni nini kingine kimenyooshwa kwa nyundo.

Ukishapata ile karatasi ya alaimenti na picha ya skrini ya skana yenye mkao wa mota zote mbili, nitumie pamoja na ile video ya duara. Kwenye karatasi nizungushie namba za nyuma kushoto na nyuma kulia, na uniambie usukani ulikuwa umelala wapi kabla fundi hajaugusa, maana akishaugusa hiyo habari imepotea.